Kuomba fedha za SBIR kwa teknolojia ya tiba na ulinzi Marekani: hatua kwa hatua

Maswali kuhusu SBIR, programu ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa kampuni ndogo, ni yale yale kila mara. Fedha za SBIR ni mkopo? Mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu, anaruhusiwa? Lazima niwe na shahada ya uzamivu? Kampuni yangu ina watu wawili tu, nitasikilizwa? Nimeona heri niyajibu yote hapa, kwa mpangilio ambao ningetamani mtu anionyeshe nilipokuwa naandaa ombi langu la kwanza.

Kwanza majibu ya haraka. Si mkopo, hurudishi hata senti. Serikali haichukui hisa katika kampuni yako wala haikudai uchangie fedha zako. Shahada ya uzamivu si sharti, mradi uonyeshe kwamba mnaijua kazi. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki kampuni inayoomba. Na kampuni ya watu wawili husikilizwa, kwa sababu programu hii iliundwa kwa ajili ya kampuni za namna hiyo.

SBIR ilipitishwa kuwa sheria mwaka 1982. Idara ya serikali kuu ambayo bajeti yake ya utafiti unaofanywa na watu wa nje ya idara hiyo inazidi dola milioni 100 kwa mwaka hulazimika kutenga asilimia 3.2 kwa ajili ya kampuni ndogo. Mwaka 1992 ikaja STTR, inayofanana nayo isipokuwa lazima ushirikiane rasmi na chuo kikuu au taasisi ya utafiti. Wenye mafungu makubwa zaidi ni Pentagoni, yaani wizara ya ulinzi, ikifuatiwa na wizara ya afya, ambayo ndani yake zimo taasisi za afya za NIH. Ndiyo maana mtu wa vifaa tiba au vya ulinzi ana mlango mpana kuliko wengi.

Neno moja kabla hatujaanza, maana ndilo linalowaangusha wengi: usiombe msaada. NIH inatoa ruzuku ili ipate ushahidi wa kisayansi juu ya swali lako. Pentagoni inasaini mkataba kwa sababu ina tatizo lake na inataka kulinunulia jibu. Anayeandika kana kwamba anaombea kampuni yake riziki hukosa kote kuwili.

Kabla ya yote: hakikisha mlango uko wazi

Bunge la Marekani huipa programu hii uhai kwa vipindi. Kipindi kilichoongezwa na sheria ya 2022 kiliisha tarehe 30 Septemba 2025. Kwa hiyo usiamini tarehe uliyoisoma kwenye makala ya zamani, hata hii ikishazeeka. Fungua tovuti ya SBIR.gov na ukurasa wa idara unayoilenga, uone kama kuna tangazo la kupokea maombi lililo hai, lenye tarehe ya kufungwa. Kama hakuna, hatua ya 1 mpaka ya 3 unaweza kuzifanya wakati unasubiri.

Unachohitaji mkononi

- Kampuni ya kibiashara iliyosajiliwa Marekani na inayofanyia kazi Marekani. Shirika lisilo la faida haliombi SBIR.
- Zaidi ya nusu ya umiliki iwe kwa raia wa Marekani au wakazi wa kudumu. Umiliki kupitia kampuni nyingine au mifuko ya uwekezaji una kanuni zake, zisome mapema.
- Wafanyakazi wasiozidi 500, ukihesabu na kampuni zenye uhusiano nawe.
- Namba ya mlipakodi ya kampuni kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, pamoja na ile barua ya IRS yenyewe. Itunze kama cheti cha kuzaliwa.
- Akaunti ya benki kwa jina la kampuni.
- Mtafiti mkuu ambaye ajira yake kuu, zaidi ya nusu ya muda wake, iko kwenye kampuni yako wakati fedha zinapotoka. Profesa anayefundisha muda wote hafai kuwa mtafiti mkuu wa SBIR. Kwenye STTR anaweza kubaki chuoni.
- Wiki nane za nafasi kabla ya tarehe ya mwisho. Wiki sita ukibanwa sana.

Hatua ya 1: Jisajili SAM.gov leo

Nasema leo kwa maana ya leo hii. SAM.gov, daftari la serikali la wanaofanya nayo kazi, ndiyo inayokupa namba ya utambulisho ya UEI, yenye herufi na tarakimu 12, na bila hiyo mifumo mingine yote haikufungulii. Usajili ni bure, ila unauhuisha kila mwaka.

Hapa nilipoteza wiki tano. Barua ya IRS ilikuwa na jina la kampuni likifuatiwa na mkato kisha LLC. Cheti cha jimbo hakikuwa na mkato. Anwani moja ilitaja namba ya chumba, nyingine haikutaja. Mfumo ukakataa kunitambua, nikatuma nyaraka, nikajibiwa kwamba hazilingani, nikatuma tena. Weka barua ya IRS, cheti cha jimbo na taarifa ya benki pamoja mezani, uzisome herufi kwa herufi. Zikitofautiana, rekebisha kwanza, ndipo ujisajili.

*Tahadhari:* ukishajisajili utapokea barua pepe na simu za watu wanaodai mamia ya dola ili "wakamilishe" usajili wako. Si serikali. Usilipe.

Hatua ya 2: Sajili mifumo iliyobaki

Kwa NIH unahitaji Grants.gov (tovuti ya ruzuku za serikali), eRA Commons (mfumo wa maombi wa NIH) na daftari la kampuni la SBIR.gov. Hilo la mwisho linakupa faili la PDF lenye namba ya kampuni, nalo linaambatishwa kwenye ombi. Kwa Pentagoni unahitaji daftari hilo hilo na mfumo wao wa DSIP, ambako ombi lote linawasilishwa.

Kosa la kampuni ya mtu mmoja kwenye eRA Commons: wewe ndiye mtia saini wa kampuni na wewe ndiye mtafiti mkuu, lakini majukumu hayo mawili hayakai kwenye akaunti moja. Fungua mbili. Ukigundua hili usiku wa mwisho, umekwisha.

Hatua ya 3: Amua unaelekea NIH au Pentagoni

Tuseme umebuni kitambaa cha kuzuia damu kwa jeraha la kinena, mahali ambapo mkanda wa kukaza haufungiki. Kinaweza kwenda kote kuwili, lakini ombi haliwi lile lile.

NIH wewe ndiye unayeleta wazo. Yapo matangazo mapana, moja kwa kazi zisizo na majaribio ya kitabibu kwa binadamu na jingine kwa zile zenye majaribio hayo. Ukichagua lisilo lako, ombi linaweza kurudishwa bila kusomwa. Kwa desturi NIH hupokea mara tatu kwa mwaka: 5 Januari, 5 Aprili na 5 Septemba.

Pentagoni wao ndio wanaoleta tatizo, kwa kawaida. Hutoa orodha ya mada, kila moja na kile wanachotaka kionekane mwishoni. Jeshi la nchi kavu, la majini, la anga, DARPA (wakala wa utafiti wa Pentagoni) na idara ya afya ya jeshi kila mmoja ana mada zake. Kitambaa chako kinafaa pale tu ambapo kuna mada inayokiita, au mada ya wazi inayokubali mawazo ya nje. Kuipinda mada ili ifanane na ulichonacho ni kujichosha bure. Msomaji wao ndiye aliyeiandika mada hiyo, ataliona hilo mara moja.

Jambo jingine la upande wa ulinzi: mada nyingi ziko chini ya sheria za kudhibiti usafirishaji wa teknolojia nje, zinazojulikana kama ITAR na EAR. Kama kwenye timu yako kuna mtu asiye raia wala mkazi wa kudumu, unapaswa kumtaja, nchi yake, aina ya viza na kazi atakayofanya. Kuna mada ambazo hataruhusiwa kabisa. Ni heri ulijue hilo kabla hujamuahidi kazi.

Hatua ya 4: Ongea na mhusika kabla hujaandika

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kubwa kuliko zote.

NIH, tafuta ofisa wa programu wa taasisi inayokuhusu: ya moyo na mapafu, ya saratani, ya macho, na kadhalika. Mtumie barua pepe fupi na ukurasa mmoja wa malengo yako, omba dakika ishirini za simu. Swali la kumuuliza ni hili: "Je, taasisi yenu ina hamu na swali hili?" Akikuambia halimo kwenye vipaumbele vyao, amekuokolea miezi miwili.

Pentagoni kuna dirisha dogo. Mada zikishatangazwa lakini kabla ya kupokea maombi, unaruhusiwa kuwasiliana moja kwa moja na mwandishi wa mada, na jina lake limewekwa pale pale. Dirisha la maombi likifunguliwa, mazungumzo hayo yanakoma, maswali yote hupita kwenye mfumo na kila mtu huyaona. Piga simu siku za mwanzo. Uliza wamejaribu nini mpaka sasa na kwa nini hakikutosha. Uliza nani atakitumia, askari mwenyewe porini au daktari hospitalini. Jibu la swali hilo moja hubadilisha uzito, ufungashaji na muda wa mafunzo wa kifaa chako.

Hatua ya 5: Andika swali moja la Awamu ya Kwanza

Programu ina awamu tatu. Ya Kwanza inapima kama wazo linawezekana, kwa kawaida miezi 6 kwa SBIR na mwaka mmoja kwa STTR. Ya Pili ni kujenga na kupima kikamilifu, takriban miaka 2. Ya Tatu ni soko, na haina fedha za SBIR. Kuanzia Oktoba 2024, idara ingeweza kutoa hadi dola 314,363 kwa Awamu ya Kwanza na dola 2,095,748 kwa ya Pili bila kuomba kibali maalumu. Hivyo ni vikomo vya juu. Kila tangazo lina kiwango chake, na mara nyingi kiko chini ya hapo.

Anayeanza hutaka kumaliza kila kitu katika Awamu ya Kwanza: ajenge kifaa, akipime kwa wanyama, aanze kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mpitiaji, yaani mtaalamu anayelipa ombi alama, akisoma hivyo anajua hujawahi kuifanya kazi hiyo. Chagua swali moja ambalo jibu lake likiwa hapana, mradi unakufa. Hilo ndilo la kulijibu.

Tazama tofauti. Hii ni sentensi niliyoikuta kwenye rasimu moja:

"Tutaboresha na kukipima kitambaa chetu ili kuthibitisha ubora wake."

Na hii ni baada ya kukaa nayo jioni nzima:

"Tutapima kama kitambaa kinasimamisha mtiririko katika kielelezo cha kinena ndani ya dakika 3, na kubaki hivyo kwa dakika 30 za kubebwa kwenye machela, katika majaribio 9 kati ya 10."

Takwimu hizo ni za mfano, wewe utaweka zako na kueleza zimetoka wapi. Lakini ona kilichotokea: sasa mpitiaji anaweza kujua siku ya mwisho kama umefaulu au umeshindwa. Na lile neno machela halikutoka kwenye vitabu. Lilitoka kwenye simu ya hatua ya 4.

Hatua ya 6: Andika ombi lenyewe

Kwa NIH, ukurasa mmoja wa malengo na kurasa 6 za mpango wa utafiti kwa Awamu ya Kwanza. Kwa ya Pili ni kurasa 12. Ukurasa wa malengo uandike wa kwanza na uumalize wa mwisho. Baadhi ya wanaokupa alama kwenye kikao watasoma huo tu kwa makini.

Eleza tatizo kwa aya moja. Wapitiaji ni watu wa fani, hawahitaji kufundishwa kwamba kutokwa damu kunaua. Wanataka kujua kwa nini njia zilizopo zinashindwa na yako ina nini. Andika pia mtego unaouogopa zaidi na utafanya nini ukinasa. Anayesema hakuna hatari yoyote haaminiki.

Kwa kifaa tiba, taja njia ya FDA kwa jina: 510(k) kama kuna kifaa kinachofanana nacho sokoni, De Novo kama hakuna lakini hatari yake si kubwa, PMA kama hatari ni kubwa. Unaweza kuomba kikao cha awali na FDA, na hakina ada.

Kwa Pentagoni, ombi limegawanywa katika majuzuu: jalada, ya kiufundi, ya gharama, ripoti ya biashara ya kampuni, nyaraka za ziada, mafunzo ya kuzuia udanganyifu, na tamko la uhusiano na nchi za nje. Kila tawi lina idadi yake ya kurasa na hawahurumii. Juzuu la mafunzo ni la dakika chache mtandaoni, lakini ukiliacha ombi halikamiliki. Tamko la nchi za nje lijaze kwa ukweli wote. Tangu sheria ya 2022, uhusiano wa umiliki, mikopo na hataza hukaguliwa, na kuficha kunaumiza kuliko kusema.

Hatua ya 7: Bajeti

Kwenye SBIR Awamu ya Kwanza, angalau theluthi mbili za kazi zifanywe na kampuni yako. Awamu ya Pili, angalau nusu. STTR inadai asilimia 40 kwako na 30 kwa taasisi mshirika. Piga hesabu hii kabla hujakubaliana na maabara ya chuo, kwa sababu bei zao zikijumlishwa zinaweza kukuvusha mstari.

Weka mishahara halisi, gharama za uendeshaji, na faida ya kampuni. NIH inaruhusu faida ya hadi asilimia 7. Watu huiacha kwa aibu, na si jambo la aibu, imewekwa kwa makusudi.

*Tahadhari:* kazi ifanyike Marekani. Kumpa ndugu aliye nje ya nchi aandike programu au apime sampuli, hata kwa bei nafuu, hairuhusiwi isipokuwa kwa idhini ya maandishi, nayo hutolewa kwa nadra.

Hatua ya 8: Wasilisha mapema, na usichanganye saa

NIH hufunga saa kumi na moja jioni kwa saa za mahali kampuni ilipo. Pentagoni kwa kawaida hufunga 12:00 p.m. saa za Mashariki, yaani saa sita mchana. Narudia: mchana. Nimemwona mtu mwenye ombi zuri akisoma ile kumi na mbili kama usiku wa manane, akafungua mfumo saa moja jioni na kukuta umefungwa tangu adhuhuri.

Wasilisha siku tatu hadi tano kabla. Ombi la NIH likipita, una siku mbili za kazi za kulitazama lilivyotoka. Fungua PDF nzima, ukurasa kwa ukurasa. Picha hupotea, alama za hesabu hugeuka visanduku.

Mambo yakikwama

*eRA inaonyesha makosa.* Tofautisha kosa na onyo. Kosa linazuia ombi, lisahihishe na utume tena kabla ya muda kwisha. Onyo halizuii, ila lisome.

*Alama zimekuja kubwa na nilidhani ni vizuri.* NIH hupima kutoka 10 hadi 90, na 10 ndiyo bora. Kama ombi halikujadiliwa kikaoni, hupati alama ya jumla, lakini maoni ya wapitiaji utayapata.

*Limekataliwa NIH.* Subiri siku tatu ndipo uyasome maoni. Kisha mpigie ofisa wa programu, kwa kuwa mara nyingi alikuwa anasikiliza kikao. Una miezi 37 ya kulirudisha mara moja likiwa na ukurasa wa kujibu hoja. Usibishane na mpitiaji. Kama hakuelewa, sentensi yako haikueleweka.

*Limekataliwa Pentagoni.* Omba maelezo ya tathmini ndani ya muda uliotajwa kwenye barua yao. Muda huo ni mfupi.

*Wazo lile lile nimelipeleka idara mbili.* Inaruhusiwa, mradi ulisema ndani ya maombi yote mawili. Wote wakikubali, unachukua moja. Kulipwa mara mbili kwa kazi ile ile ni udanganyifu dhidi ya serikali, na watu wamefungwa kwa hilo.

*Naogopa serikali itachukua ubunifu wangu.* Hataza inabaki yako, na serikali inapata haki ya kuutumia kwa shughuli zake. Data za SBIR hulindwa kwa miaka 20 tangu tuzo, yaani tangu upewe fedha hizo, ila lazima uweke maandishi ya ulinzi kwenye kila nyaraka unayowapa. Ukisahau alama hiyo, kuirudisha ni kazi. Uvumbuzi uripoti kwenye mfumo wa iEdison ndani ya miezi miwili tangu mbunifu aueleze kwa maandishi ndani ya kampuni.

*Nimeambiwa nimeshinda, niajiri?* Subiri. NIH barua inayokufunga ni taarifa rasmi ya tuzo, na Pentagoni ni mkataba uliosainiwa na ofisa wa mikataba. Simu ya pongezi haina nguvu yoyote kisheria. Kati ya kuwasilisha na kupata fedha NIH huchukua miezi sita hadi tisa, na kwa Pentagoni fedha huja baada ya kukamilisha hatua na kutuma ankara. NIH inaruhusu gharama za hadi siku 90 kabla ya tuzo, kwa hasara yako kama tuzo haikuja. Kwa hiyo siku unayowasilisha, fungua pia jedwali la fedha za kampuni na uhakikishe mishahara ya miezi tisa ijayo ina chanzo kingine.